Uzi maalumu: Jinsi magwiji wa besiboli wanavyochaguliwa kuingia Cooperstown, na kwa nini wengine hufa wakisubiri

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Pittsburgh, Pennsylvania. Miaka saba kati ya hiyo nimefanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala moja pamoja na mzee mweusi, mzaliwa wa mji huu. Nitamwita Mzee, inatosha. Besiboli nimefundishwa na yeye, saa nane za usiku, tukipanga maboksi. Jambo lililomchoma kuliko yote halikuwa timu yetu ya Pirates kufungwa. Lilikuwa hili: kwa nini Dave Parker hayumo kwenye Jumba la Heshima?

Parker aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira mwaka 1977 na 1978, akawa mchezaji bora wa msimu 1978, akachukua ubingwa na Pirates 1979. Alistaafu 1991. Jina lake lilikaa kwenye karatasi ya kura miaka 15, na kura nyingi kabisa alizowahi kupata zilikuwa asilimia 24.5. Desemba 2024 kamati moja ya watu 16 ikampitisha kwa kura 14. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka kumi akiugua Parkinson. Sherehe ikapangwa Julai 27, 2025. Parker akafariki Juni 28. Zilibaki siku 29.

Usiku ule Mzee hakusema neno mpaka zamu ikaisha. Ndipo nilipoamua kuusoma mfumo huu mpaka niuelewe, na nilichokipata ndicho ninachokileta hapa.

Kwanza, jumba lenyewe. Liko Cooperstown, mji mdogo sana wa jimbo la New York. Ni makumbusho ya taasisi binafsi isiyogawana faida. Si mali ya serikali wala si idara ya ligi. Kura ya kwanza ilipigwa 1936, na milango ikafunguliwa Juni 1939. Anayechaguliwa huwekewa bamba la shaba lenye sura yake ukutani, basi. Hapewi fedha. Lakini muulize mchezaji yeyote atakwambia bamba lile ndilo linalotenganisha mchezaji mzuri na gwiji.

Milango ya kuingilia ni miwili.

Mlango mkuu ni wa Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani. Mwandishi akitimiza miaka kumi mfululizo ya uanachama anapata haki ya kupiga kura. Mchezaji naye awe amecheza angalau misimu kumi ligi kuu na awe amestaafu kwa miaka mitano. Kila mwandishi anaruhusiwa kuchagua majina yasiyozidi kumi. Anayefikisha asilimia 75 anaingia. Anayekosa hata asilimia 5 anaondolewa. Aliye katikati anarudi mwakani, tena na tena, mwisho miaka kumi (zamani ilikuwa 15, wakaipunguza 2014).

Shikeni hapo penye 75. Robo tatu! Mbunge anapita kwa kura moja ya ziada, lakini huyu anatakiwa kuwaridhisha watu watatu katika kila wanne. Na anayerudisha karatasi tupu anahesabiwa, kwa hiyo karatasi tupu ni kura ya "hapana" kwa kila jina lililomo.

Mlango wa pili ni wa kamati za zama. Watu 16, wakiwemo magwiji waliokwisha kuingia, viongozi wa klabu, wanahistoria na waandishi wakongwe, wanakaa chumbani kujadili waliokataliwa mlango wa kwanza. Hapo zinatakiwa kura 12. Tangu 2022 kila mjumbe anaweza kuchagua majina matatu tu kati ya manane. Pigeni hesabu: wajumbe 16 mara kura tatu ni kura 48, na kila anayepita anakula zisizopungua 12. Hata wote wanane wangestahili, haiwezekani wapite zaidi ya wanne.

Sasa hoja yangu. Mchezaji akishastaafu, takwimu zake zimeganda. Hawezi kuongeza pigo hata moja. Lakini kura zake zinapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Larry Walker alianza na asilimia 20.3 mwaka 2011, akaporomoka hadi 10.2 mwaka 2014, kisha akaingia 2020, mwaka wake wa mwisho, kwa 76.6. Scott Rolen alianza na 10.2 mwaka 2018, na 2023 akapita kwa 76.3. Hakuna kati yao aliyeshika gongo katika miaka hiyo. Walibadilika wapiga kura.

Na walibadilika kwa sababu zinazojulikana. Kuna wakati karatasi ilijaa mno majina ya watuhumiwa wa dawa za kuongeza nguvu. Hawapiti wala hawaondoki, na nafasi ni kumi, kwa hiyo watu kama Walker wakakosa pa kuwekwa. Mwaka 2015 jumba likawapunguza waandishi walioacha kuripoti mchezo kwa zaidi ya miaka kumi, walioendelea kupiga kura kwa kumbukumbu za ujanani. Takwimu mpya nazo zikaja, zinazopima thamani yote ya mchezaji, mpaka ulinzi wake na uwanja aliochezea. Hilo lilimsaidia sana Walker, kwa sababu miaka yake mizuri aliichezea Denver, mji ulio juu karibu mita 1,600, ambako hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Wengi walimkata alama kwa kubahatisha tu. Takwimu mpya zikapima ni kiasi gani hasa cha kumkata, na ikaonekana alikuwa amekatwa kupita kiasi.

Kwa hiyo mtu anaposema "kura zimeamua", mimi nauliza: kura za mwaka gani?

#2

Mkuu, uzi umesimama. Swali langu: kwa nini waandishi wa habari? Mwandishi hajawahi kusimama mbele ya mpira unaokuja kilomita 150 kwa saa. Wangewaachia wachezaji wenyewe wachague wenzao.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Mwaka 1936 hapakuwa na televisheni. Waandishi walisafiri na timu, treni moja, hoteli moja, msimu mzima. Ndio waliowaona wachezaji wa timu zote, si wa timu moja tu. Kwenye kura ile ya kwanza walipita watano: Ty Cobb kwa kura 222 kati ya 226, Babe Ruth na Honus Wagner 215 kila mmoja, Christy Mathewson 205, Walter Johnson 189. Wagner ni wa hapa kwetu, sanamu yake iko nje ya uwanja wa Pirates.

Ona kwamba hata Ruth alinyimwa kura na watu 11. Cy Young, mrushaji mwenye ushindi 511 ambao haujafikiwa na mtu mpaka leo, hakupita mwaka ule. Alipita 1937 kwa asilimia 76.1. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kusema "kama Ruth hakupata zote, na huyu asipate zote". Willie Mays alinyimwa na watu 23 mwaka 1979. Hank Aaron na watu tisa mwaka 1982. Wa kwanza kupata zote alikuwa Mariano Rivera, 2019, kura 425 kwa 425, miaka 83 tangu kura ya kwanza. Na mpaka kufikia kura za 2025 alikuwa bado peke yake: mwaka huo Ichiro Suzuki alipata 393 kati ya 394. Akasema angependa kumkaribisha nyumbani huyo mmoja wanywe pamoja. Mimi nisingekuwa na moyo huo.

Kuhusu kuwaachia wachezaji, lilishajaribiwa na matokeo yake yapo ukutani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati ya wakongwe, iliyozitangulia hizi kamati za zama, ilitawaliwa na Frankie Frisch, mchezaji wa zamani wa timu za Giants na Cardinals. Angalia walioingia kipindi kile na miaka michache iliyofuata: Jesse Haines, Chick Hafey, Dave Bancroft, Ross Youngs, George Kelly, Jim Bottomley, Freddie Lindstrom. Wote aliwahi kucheza nao. Wanatakwimu wengi wanawataja hao kuwa miongoni mwa walio dhaifu kabisa mle ndani. Juzijuzi tu, Desemba 2018, Harold Baines alipita kwa kura 12 zile zile zinazohitajika. Kwa waandishi hakuwahi kuvuka asilimia 6.1. Ndani ya kamati alikuwemo aliyekuwa kocha wake na mmiliki wa klabu aliyoichezea miaka mingi. Baines ni mtu wa heshima na sina neno naye. Lakini undugu ukikaa kwenye meza ya kura, bamba la shaba linapungua uzito kwa wote.

#4

Nawasalimu kutoka Kampala. Besiboli hapa kwetu ipo, vijana wa Lugazi walifika hadi Williamsport, huko huko Pennsylvania, mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule. Ssebo, mimi nataka kujua kuhusu weusi waliokatazwa ligi kuu. Sharti la misimu kumi wao wangelitimizaje?

#5 Mleta uzi

Asante ndugu yangu. Hapa ndipo penye kidonda.

Kabla ya Jackie Robinson kuvunja marufuku ya weusi ligi kuu Aprili 1947, mchezaji mweusi alicheza Ligi za Weusi. Pittsburgh ilikuwa kitovu chake, na timu ya Homestead Grays ilikuwa na Josh Gibson, mpigaji ambaye waliomwona walimweka sawa na Ruth, na wapo waliomweka juu. Gibson alifariki Januari 1947, ana miaka 35, miezi mitatu kabla ya mlango kufunguliwa. Alizikwa hapa mjini, na kaburi lake lilikaa bila alama hadi 1975. Mzee alinipeleka. Ni jiwe dogo tu kwenye majani.

Robinson mwenyewe alipita kwa waandishi 1962, asilimia 77.5, mwaka wake wa kwanza. Lakini waliomtangulia hawakuwa na misimu kumi ya ligi kuu kwa sababu ligi kuu yenyewe iliwafungia. Sheria iliwauliza kitu ambacho ilikuwa imewanyima.

Aliyelisema hilo mahali penyewe alikuwa Ted Williams, mzungu, siku yake ya kuingizwa, 1966. Alisimama jukwaani Cooperstown akasema anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watawekwa pale kuwakilisha wachezaji wakubwa weusi ambao hawamo kwa sababu tu hawakupewa nafasi. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1971 kamati maalumu ikamchagua Paige, na mpango wa awali ulikuwa kumweka kwenye sehemu ya pembeni, mbali na wengine! Watu wakapiga kelele, wakaona haya, wakamweka ukutani pamoja na wote. Gibson akafuata 1972.

Halafu 2006 kamati nyingine ikaingiza watu 17 wa zama hizo kwa mpigo, akiwemo Effa Manley, mmiliki wa timu, mwanamke pekee mpaka sasa. Wa kumi na nane, ambaye kila mtu alidhani ndiye wa kwanza kupita, hakupita. Buck O'Neil. Alicheza, akafundisha, akawa kocha wa kwanza mweusi ligi kuu, na uzeeni akazunguka nchi nzima akisimulia habari za Ligi za Weusi ili zisipotee. Alikuwa na miaka 94. Alinyimwa, na bado akakubali kwenda Cooperstown kuwasemea wale 17 ambao wote walikwisha kufa. Alisimama pale akaimbisha umati. Oktoba ya mwaka ule akafariki. Wakamchagua Desemba 2021.

Nikiisoma hiyo habari huwa naifunga simu kwanza.

#6

Mleta uzi, naheshimu uchungu wako ila naona unalaumu kitu kisicho na kosa. Kuchelewa ni gharama ya kuwa makini. Wewe mwenyewe umeonyesha walioingia kwa haraka na kwa undugu wameshusha hadhi. Robo tatu na miaka kumi ya kungoja ndivyo vinavyolinda. Heshima ikitolewa upesi inakuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Na mtu akifa kabla, familia ipo, jina lipo. Shaba haijali kama mwenyewe yu hai.

#7 Mleta uzi

Mkuu, nusu ya hoja yako naikubali. Robo tatu siigusi. Ikishuka hadi nusu, ukuta utajaa.

Lakini hilo la "familia ipo" silikubali hata kidogo, na jumba lenyewe halijawahi kuliamini. Roberto Clemente, nyota mwingine wa Pirates, alifikisha mapigo 3,000 kamili mwishoni mwa msimu wa 1972. Usiku wa Desemba 31 alipanda ndege kupeleka misaada Nicaragua baada ya tetemeko la Managua. Ndege ikaanguka baharini. Jumba likaiweka kando sheria ya miaka mitano, likaitisha kura maalumu, na miezi mitatu tu baadaye akapita kwa kura 393 kati ya 424, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini na Karibi. Ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wetu una urefu wa futi 21 kwa ajili ya namba yake ya mgongoni. Lou Gehrig alipougua 1939 wakafanya vivyo hivyo, wakamwingiza mwaka ule ule. Kwa hiyo wanajua kuharakisha. Wanajua tofauti ya mtu kuwepo na kutokuwepo.

Sasa mtazame Dick Allen, mzaliwa wa Wampum, kijiji kisicho mbali na hapa. Chipukizi bora wa ligi 1964, mchezaji bora wa msimu 1972. Kamati ya Desemba 2014 ikampa kura 11. Zinatakiwa 12. Akangoja zamu nyingine ya kamati, Desemba 2020. Ikaja korona, kikao kikasogezwa mbele mwaka mzima, wakati wajumbe 16 wangeweza kukutana kwa video kama dunia yote ilivyokuwa inakutana. Allen akafariki Desemba 7, 2020, wiki ile ile ambayo kikao kilikuwa kifanyike. Desemba 2021 wakakaa: kura 11 tena. Wakampitisha Desemba 2024, siku moja na Parker, kwa kura 13.

Miaka kumi imepita kati ya kura 11 na kura 13. Umakini uko wapi hapo? Kilichoongezeka ni wajumbe wawili waliokubali.

Ron Santo alifariki Desemba 2010, wakampitisha Desemba 2011. Marvin Miller, aliyejenga chama cha wachezaji na kubadilisha mishahara ya mchezo mzima, alikosa kwa kura moja mwaka 2010, akafa 2012, akapita Desemba 2019. Alikwisha kuwaandikia 2008 waache kumteua. Alichoka.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kamati zinakaa kwa mzunguko wa miaka mitatu, kila mwaka na kundi lake. Waangalie umri. Aliyekosa kwa kura moja au mbili naye ana miaka 75, jina lake lirudi mwakani, lisingoje miaka mitatu au saba. Hilo haliwaingizi wasiostahili, kwa sababu kura 12 zinabaki palepale. Linampunguzia mzee safari tu.

#8

Na Barry Bonds je? Au hapo unaruka kwa sababu naye alikuwa wenu?

#9 Mleta uzi

Siruki. Bonds alicheza hapa 1986 hadi 1992. Amepiga mipira 762 iliyovuka uzio, hakuna aliyemfikia, na amekuwa mchezaji bora wa msimu mara saba. Kwa waandishi aliishia asilimia 66.0 mwaka wake wa kumi, 2022. Mrushaji Roger Clemens aliishia 65.2. Sababu ni tuhuma za dawa. Kanuni inawataka wapiga kura waangalie pia uadilifu, uungwana wa kimichezo na tabia, na wengi wakakataa kwa kifungu hicho.

Binafsi ningemwingiza, na bambani iandikwe wazi yaliyotokea. Kinachonikera ni kwamba Bud Selig, aliyekuwa mkuu wa ligi miaka hiyo ya dawa, amo tangu 2017. Kenesaw Mountain Landis, mkuu wa ligi 1920 hadi 1944, kipindi ambacho hakuna mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kucheza, amo pia. Kifungu cha tabia kinapimwa kwa aliyevaa jezi, hakipimwi kwa aliyevaa suti.

Mlango wa kamati nao umeanza kufungwa mbele yake. Kanuni mpya ya 2025 inasema asiyefikisha kura tano hatateuliwa kwenye mzunguko unaofuata, na likimtokea mara mbili ndiyo basi moja kwa moja. Desemba 2025 Bonds hakufikisha tano. Aliyepita ni Jeff Kent, waliyecheza timu moja San Francisco, kwa kura 14.

Pete Rose, kwa kuwa najua mtauliza: mapigo 4,256, mengi kuliko yeyote, na kufungiwa besiboli maisha mwaka 1989 kwa kamari. Alifariki Septemba 2024. Mei 2025 mkuu wa ligi akatangaza kwamba adhabu hiyo inakoma mtu anapokufa. Anaweza kujadiliwa kuanzia Desemba 2027. Ameruhusiwa baada ya kufa, tena kwa sababu amekufa.

#10

Nimesoma yote mpaka chini. Mzee wenu alisemaje siku ya sherehe? Mlienda?

#11 Mleta uzi

Hatukwenda, dada. Cooperstown ni mwendo wa zaidi ya saa sita kwa gari, na mgongo wake hauruhusu tena. Aliniita nyumbani kwake Jumapili ile. Mkewe alipika, mimi nikaja na chapati.

Mtoto wa Parker ndiye aliyesimama jukwaani. Akasoma shairi ambalo baba yake alikuwa amelitunga kwa ajili ya siku ile. Mzee alikuwa amevaa jezi ya njano ya 1979, namba 39, ambayo sikujua kama anayo. Shairi lilipoisha aliomba nirudishe nyuma, nikarudisha, akasikiliza tena amesimama.

Kisha akaniuliza kamati ya zama za Parker inakaa tena lini. Nikamwambia Desemba 2027. Ana miaka 78. Akasema nimwandikie tarehe kwenye kalenda ya jikoni, nikaenda nikaona kalenda ni ya 2025 tu, nikaandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji.